Pampu Isiyo na Utumbo

Jamani, van yangu ilifeli mtihani. Najua mlioko Bongo mtacheka, maana huko gari likiwaka na likifika lilikotumwa, limefaulu. Huku California mambo ni tofauti. Gari la petroli likishakuwa la zamani kidogo, kila baada ya miaka miwili lazima lipelekwe kituoni kupimwa moshi, na likifeli usajili hauhuishwi. Bila usajili unaendesha ukiwa umebana pumzi, kila taa ya buluu nyuma yako unadhani ni yako.

Van yenyewe ni ya mwaka 1994, injini ya silinda nane, rangi nyeupe iliyokata tamaa. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Mchana naandika, alfajiri nabeba maboksi, na hapa nasema kubeba maboksi kwa maana yake halisi, si ule msemo wenu wa kutudhihaki sisi wa ughaibuni. Nahamisha vitanda, makochi na mafriji ya watu. Bila van hakuna kodi ya nyumba na hakuna kile kidogo kinachokwenda nyumbani kila mwezi. Kwa hiyo mkaguzi aliponipa karatasi yenye neno FAIL, sikuona karatasi, niliona kodi.

Nisimulie alivyoipima. Aliipandisha magurudumu ya nyuma kwenye roli, akaiendesha pale pale kwa mwendo wa kama kilomita 24 kwa saa, kisha 40, huku mashine ikinusa bomba la moshi kutafuta haidrokaboni, kaboni monoksaidi na oksidi za nitrojeni. Halafu akafungua boneti na kuangalia kwa macho kama vifaa vya kupunguza moshi vipo na vimeunganishwa. Hapo ndipo aliponinasa. Kuna pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Yangu ilikuwa ikilia kama mlango wa stoo, na mmoja wa mipira yake ulikuwa umeungua hadi kukatika.

Gereji kubwa ya karibu ikanitajia dola 640, pampu mpya pamoja na ufundi. Nikashukuru kwa heshima zote, nikaondoka.

Jioni ile kijana mmoja ninayefahamiana naye, fundi wa uani, akaniambia nisihangaike. "Nipe dola 40 tu kaka, naifungua naitoa utumbo." Maana yake ni hivi. Ndani ya pampu kuna mapanga yanayosukuma hewa. Ukiyatoa, puli inazunguka, mkanda unazunguka, kelele zinakwisha, mkaguzi akifungua boneti anaona pampu iko mahali pake inafanya kazi. Kumbe ni ganda tupu. Unabadilisha na ule mpira ulioungua, basi, kila kitu kinapendeza. Na kwa kuwa mtihani hufanywa injini ikiwa imeshapata moto, huenda hata namba za moshi zikapita.

Nakiri nilishawishika. Tena sana. Dola 40 dhidi ya 640, mtoto wa mjini unafikiri mara ngapi?

Kilichonizuia si uchamungu. Ni dirisha la jirani. Van naegesha ubavuni mwa jengo tunalokaa, na dirisha linalotazamana na bomba langu la moshi ni la chumba cha mtoto wa miaka saba mwenye pumu. Mama yake ni Mguatemala, tunasalimiana kwa Kihispania changu cha kuokoteza. Kila alfajiri saa kumi na nusu mimi hupiga starta pale, nikaiacha injini inguruma dakika kadhaa huku napakia kamba na mablanketi. Siku moja mama yule aliniomba, kwa upole uliopitiliza, kama ninaweza kusogeza gari mbele kidogo. Nikasogeza. Sikujiuliza kwa nini aliomba. Sasa nikiwa na karatasi ya FAIL mkononi, nikaona nijue kwanza hii pampu kazi yake ni nini kabla ya kuitoa utumbo.

Nilichokikuta kilininyima usingizi. Injini ikiwa ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko inayoweza kuungua kwa hewa iliyopo, ili iweze kuwaka bila kuzima. Petroli ya ziada haiungui yote, inatoka nusu mbichi na kuingia kwenye njia ya moshi pamoja na kaboni monoksaidi. Kile kichujio cha kemikali kilicho katikati ya bomba, ambacho mafundi wa Dar wanakiita masega, nacho hakijaanza kazi, kwa sababu kinahitaji joto la nyuzi kama 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo kiamke. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo chafu kuliko zote. Pampu ya hewa imewekwa kwa ajili ya dakika hizo. Inapuliza hewa safi karibu na pale moshi unapotokea kwenye silinda, ukiwa bado wa moto mkali, ili ile petroli iliyobaki imalizikie kuungua humo ndani, na joto lake liwahi kuyaamsha masega. Injini ikishapata moto, hewa ile inaelekezwa kwingine.

Sasa unganisha mwenyewe. Mtihani hufanywa injini ikiwa ya moto. Mtoto wa jirani anavuta moshi wa injini ya baridi. Ile hila ya dola 40 ingemdanganya mkaguzi kwa dakika zake chache, kisha miaka miwili mizima ingeendelea kulipuliza dirisha lile saa kumi na nusu alfajiri.

Na pampu hizi hazikuletwa na wapenda miti wenye muda wa kupoteza. Julai 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mkali kiasi kwamba watu walitokwa machozi barabarani, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, wapo waliodhani Wajapani wamewapulizia sumu. Miaka iliyofuata viwanda vikasukumiwa lawama. Kisha mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit wa Caltech, aliyekuwa akichunguza vitu vinavyolipa nanasi ladha yake, akakitumia ujuzi huo huo kuichunguza hewa ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za magari, vikipigwa na jua, huzaa ozoni, ile inayowasha macho na kukwaruza mapafu. Wenye viwanda vya magari na mafuta hawakufurahi hata kidogo. Lakini ilipofika modeli za 1966, magari mengi mapya yaliyouzwa California yalikuja na pampu ya hewa. Masega yakafuata katika modeli za 1975. Kwa hiyo kile chuma kilichokuwa kikinilia chini ya boneti ni mtoto wa ugomvi ule.

Basi nikampigia simu mzee mmoja wa Mombasa, fundi aliyestaafu, anayeishi upande wa pili wa mji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari tena?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo gereji kubwa haikuuliza na yule kijana hakuuliza. "Na hiyo pampu, iliuliwa na nini?"

Akanieleza kuwa pampu hizi mara nyingi hazifi zenyewe. Kati ya pampu na bomba la moto kuna vali za njia moja, zinaruhusu hewa iende na zinazuia moshi usirudi. Ni chuma kidogo tu, na kinapooza kwa kutu kinaanza kuvuja kinyumenyume. Moshi wa moto pamoja na unyevu wake unapanda kwenye mpira, unauunguza, kisha unaingia kwenye pampu na kuila taratibu. Ukifunga pampu mpya ya bei mbaya juu ya vali mbovu, umenunua maiti nyingine.

Jumamosi tukaifungua. Naandika hatua zetu hapa kwa sababu naamini kuna mwenzangu mahali fulani na van yake ya kizamani ambaye kesho ataambiwa dola 640.

Kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, tulilegeza mkanda na kuizungusha puli ya pampu kwa mkono. Ikizunguka kwa ukinzani mdogo, ina uhai. Yangu ilikwama nusu mzunguko, ikakoroma, ikaendelea. Mzee akatikisa kichwa. Nikauliza kama tuitie oili. Akanikata jicho. Pampu ya namna hii haitiwi oili, maana inachukua uchafu na kuwa gundi ndani yake.

Pili, tulichomoa mipira na kuchungulia ndani. Upande wa kushoto mpira ulikuwa safi. Wa kulia ulikuwa mweusi wa masizi na plastiki imeyeyuka. Hapo muuaji alishajulikana.

Tatu, tulizitoa vali zenyewe, kwa dawa ya kulainisha kutu na subira nyingi. Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Unaunganisha kipande safi cha mpira na kupuliza kwa mdomo. Upande wa pampu hewa ipite, upande wa bomba la moto isipite hata kidogo. Ya kulia ilipitisha huku na huku kama filimbi. Tukabadilisha zote mbili, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Nne, tuliikagua ile mirija myembamba ya vakiumu inayoiamuru vali ya kugeuza hewa. Mmoja ulikuwa umepasuka nchani. Mzee akaukata sentimita mbili na kuurudisha. Gharama yake sifuri, na alisema ameona watu wakinunua vali nzima kwa ajili ya ufa kama ule.

Mwisho kabisa ndipo tukaenda kuitafuta pampu. Kuna majalala ya magari huku ambako unalipa kiingilio, unaingia na spana zako, unafungua kitu mwenyewe na kukilipia mlangoni. Ni Gerezani ya kujihudumia, bila dalali wa kukukimbilia. Tulipata van ya ukoo ule ule iliyogongwa nyuma, pampu yake inazunguka laini na mipira yake haina masizi ndani. Hilo la mwisho ni muhimu, maana linaonyesha kuwa haikuwa imevuta moshi.

Hesabu yangu hii hapa. Vali mbili dola 38. Mpira na vibano 16. Pampu ya mtumba 30. Kiingilio cha jalala 3. Mkanda mpya 24, kwa sababu wa zamani ulishaungua kwa kusuguana na pampu iliyokuwa ikikwama. Jumla 111. Mzee alikataa kutaja bei, nikamwachia 60 juu ya dashibodi yake, hivyo 171. Wiki iliyofuata van ikapita.

Kama gari lako ni la karibuni zaidi, huenda pampu yako ni ya umeme na haina mkanda. Inanguruma dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha, kisha inanyamaza, na ikifeli taa ya injini inawaka, kwa kawaida na msimbo wa P0410 au P0411. Utaratibu ni ule ule wa kuanza na cha bei ndogo. Angalia fyuzi, angalia rilei, safisha waya wa ethi, chungulia mipira kama kuna masizi au maji. Ipe pampu volti 12 moja kwa moja kwa sekunde chache, ikilia vizuri basi mgonjwa ni mwingine. Na rilei ikiganda, pampu inazunguka bila kupumzika mpaka inaungua, kwa hiyo usifunge pampu mpya kabla hujaijua hali ya rilei.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Najua watakaosema kwamba sheria hizi zinawakandamiza masikini. Mwenye gari jipya hata hapimwi, huku wenye magari yake ya miaka minane ya mwanzo wanalipa ada kidogo na kusamehewa mtihani. Anayefeli ni mimi mbeba makochi. Nakubali, na nakubali kwa uchungu. Hapa Oakland malori makubwa yamekatazwa kupita barabara ya I-580 iliyo upande wa milimani, yote yanashuka I-880 inayopita kando ya mitaa ya tambarare, wanakokaa watu wa kipato cha chini. Moshi nao unajua anwani za watu.

Lakini hapo hapo ndipo hoja ya "mimi masikini, acha nitoe utumbo" inapovunjika. Moshi wangu haupandi milimani kumkomoa aliyetunga sheria. Unaingia dirisha la Mguatemala anayefua mashuka hotelini. Nikijipunguzia gharama kwa njia ile, gharama haijafutika. Nimemhamishia mtu mwenye kipato kama changu au chini yake, na yeye ataitoa kwenye dawa za kuvuta na siku za kazi alizokosa akiwa hospitalini na mtoto. Tena bila kuulizwa.

Na jimbo lenyewe limeacha upenyo kwa mnyonge, ila wengi hatuujui. Kuna msaada wa fedha za matengenezo kwa wenye kipato kidogo ambao magari yao yamefeli. Kuna pia msamaha wa mara moja, ukishatumia angalau dola 650 kwenye matengenezo ya moshi na gari bado linafeli, unapewa miaka miwili ya kujipanga. Ila gari lililochezewa vifaa vyake halipati msamaha huo. Aliyeitoa pampu utumbo ameufunga mlango wake mwenyewe, mbali na kwamba sheria ya Marekani ya hewa safi inamkataza mtu yeyote, fundi au mwenye gari, kuviondoa au kuvizima vifaa hivi.

Wengine watasema ukiiondoa pampu gari linakuwa jepesi na linakula mafuta kidogo. Nilimuuliza mzee. Akacheka mpaka akakohoa. Nguvu inayochukuliwa na pampu nzima ni ndogo mno, dereva huihisi zaidi akilini kuliko kwenye mguu.

Na nyumbani je? Tusijifanye hayatuhusu. Noah na Alphard zinashuka bandarini Dar zikiwa na masega yao. Baada ya muda, fundi wa gereji bubu anamwambia mwenye gari kwamba masega "yanabana injini", anayatoa, anaweka bomba tupu. Mwenye gari analipia kazi hiyo, wakati masega yale yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna mtu anayasubiri kwa mizani. Yaani unalipa ili uibiwe, halafu unawapulizia abiria waliosimama kituoni. Wakati mwingine ni kweli yameziba, lakini kama kwenye pampu yangu, swali ni nani aliyeyaziba. Plagi mbovu? Injini inayokula oili? Ukiyatoa bila kumtafuta huyo, ugonjwa uko pale pale.

Tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, miaka 15 kabla dunia nzima haijamaliza kazi hiyo mwaka 2021. Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta tumeyasafisha kwa jasho la miaka, kisha kifaa cha kutumia usafi huo tunakikata kwa msumeno uani. Hainiingii akilini.

Kwa hiyo, msomaji wangu, fundi akikwambia "tuing'oe tu", usigombane naye. Muulize imeuliwa na nini. Mwambie akuonyeshe masizi yako wapi, na vali inapitisha upande gani. Akishindwa kukuonyesha, funga boneti, mtafute mzee wako wa Mombasa. Wapo kila mji.

Mimi bado naondoka saa kumi na nusu. Ila sasa van naipeleka mpaka mwisho wa mtaa ndipo napakia, kwa sababu hata pampu nzima haifanyi moshi kuwa marashi. Juzi mama wa jirani aliniuliza kama nimebadilisha gari. Nikamwambia hapana, ni vali mbili tu. Nadhani Kihispania changu hakikufika, maana aliishia kunipa sahani ya tamale.

Nawasilisha.